Kitundu cha Ghorofa ya Tisa

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, nalo limeegemea ukuta wa jengo refu walimohamishiwa watu wa mtaa mzima nyumba zao zilipobomolewa. Kila alasiri wanashuka na lifti kuja kutafutana hapo, maana huko juu ni milango tu. Mwenye birika la kahawa ni Bi Dodosa wa ghorofa ya tisa, na ndiye anayeumia kuliko wote. Zamani akikaa kizingitini alijua nani kanuniana na nani kabla wenyewe hawajajua. Sasa umbea haumfikii kabisa, labda umeshindwa ngazi. Leo mchoraji wa majengo atapita kuwauliza jengo la pili lijengweje ili watu waishi kijirani. Bi Dodosa ameshaomba kuhamia humo. Wakikosa la kusema, litajengwa kama hili, naye atazeekea kwenye kimya.

— Bomba moja kila ghorofa, basi! alianza Fundi Bomba, aliyestaafu mabomba lakini hajastaafu ubishi. Watu wapange foleni, wagombane, wapatane.

— Wewe kila kitu bomba, alisema Kinyozi. Dawa ni lifti. Isipande mpaka watu wasalimiane na kuulizana habari za wagonjwa.

— Na aliyebanwa na haja?

— Asalimie haraka.

Bi Dodosa akamimina kahawa, akafyonya.

— Nyie hamjui tunachougua. Kuta! Wajenge kwa maboksi, mtu akipiga chafya asikike. Na kile kitundu cha kuchungulia mlangoni wakipanue kiwe kama sinia. Mimi pale naona watu vipande vipande, leo pua, kesho ndoo.

— Kumbe bibi unachungulia?

— Nalinda usalama, mwanangu.

— Basi jengo lizunguke! Kinyozi alipandisha sauti. Kila wiki unaamka na jirani mpya.

— Na mke wangu nitamkuta ghorofa gani?

— Ukibahatika, humkuti.

Fundi Bomba akaweka kikombe chini kama hakimu.

— Sikilizeni. Lilazwe.

— Lilazwe nini?

— Jengo! Lilale ubavu. Kila mlango utazame njia, watoto watoke wakimbie, mtu akae nje amenye viazi vyake.

Wakaonja utamu wake. Kinyozi akajikuna kisogo.

— Fundi, huo si mtaa wetu walioubomoa?

Hapo ndipo walipomwona mwanamke mmoja amesimama kando, beseni la njano kiunoni.

— Shikamooni, wazee wangu. Mimi mgeni, nimehamia ghorofa ya tisa. Mlango unaotazamana na wangu nimeupigia hodi mara kadhaa, nijitambulishe tu. Kila nikigonga, kile kitundu kinaingia giza, nasikia mtu anahema, halafu kimya. Hivi kwa nini hafungui?

— Labda kiziwi, alisema Fundi Bomba.

— Labda hajavaa, alisema Kinyozi.

Bi Dodosa alikuwa analiangalia beseni. Analijua vizuri. Anajua na masanduku mawili yaliyolitangulia, na kwamba juzi mwenye beseni alirudi macho mekundu. Jina tu ndilo hajui. Akaanza kukusanya vikombe, hata vyenye kahawa bado.

— Hivi hapa nani anakaa ghorofa ya tisa? Kinyozi aliuliza polepole, kama anayenoa wembe.

Bi Dodosa akainuka, akabeba birika, akamgeukia mgeni.

— Mwanangu, nishikie vikombe. Twende juu.

— Na kahawa yetu?

— Imehama.

— Na mchoraji je? Tumwambie nini?

— Mwambieni kwenye korido, kati ya mlango na mlango, aweke benchi. Na taa, nione sura nzima.

Milango ya lifti ikaanza kujifunga. Sauti ya Bi Dodosa ikawahi kupenya:

— Haya niambie, yule aliyekubebea sanduku la bluu, ni kaka yako, au?