Kumuaga Daktari Lamis, Aliyekataa Kuandika Wastani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu, masheikh na wachungaji mliotuombea dua, wageni wetu mliovuka kutoka Likoni, ndugu wafanyakazi wenzangu: assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni Kahindi, niliyefanya kazi na Daktari Lamis chumba kimoja tangu hadubini ya almasi ilipoletwa. Leo tunamuaga, na maabara yenyewe inafungwa. Nikisema ni siku ya furaha nitakuwa nawadanganya.

Mnajua tulichokitafuta: chembe za chuma, ndogo zisizoonekana kwa macho, zitiwe ndani ya uvimbe wa saratani, kisha zipashwe moto kwa sumaku ziuchome uvimbe huo. Kipande chetu cha almasi hung'aa kikipigwa mwanga wa kijani, na mng'ao wake hubadilika chembe yenye sumaku ikiwa juu yake. Hivyo Lamis aliweza kuipima kila chembe peke yake.

Asubuhi moja aliniita. "Kahindi, nyingi katika hizi zimekufa. Hazina sumaku."

"Pima tena," nikamwambia.

Akapima tena, na tena. Majibu yakawa yale yale: chembe chache zenye nguvu ndizo zilizoupandisha wastani wa unga wote wa chembe zile.

Mheshimiwa, wewe ulimwambia nini? "Unga wote kwa pamoja wastani wake ni mzuri. Andika wastani." Naye akakujibu kwa adabu: "Mgonjwa hatiwi wastani, Mheshimiwa. Hutiwa chembe hizi."

Je, mlijua, ndugu zangu, kwamba mgonjwa wa kwanza aliyeingojea dawa ile ni Bi Mejumaa wa Bondeni, mamake Lamis? Nilikuwapo alipokwenda kumwambia. Bi Mejumaa alikuwa amelala, tumbo limemvimba kwa saratani ya ini.

"Mama, dawa haifai."

"Haifai kwangu, au kwa watu wote?"

"Kwa wote, mama."

"Basi asitiwe mtu," akasema, akageukia ukutani.

Tulimzika kabla ya Ramadhani. Wafadhili walijitoa baada ya kusoma ripoti aliyoiandika Lamis, na wamo humu ukumbini wanaomlaumu Lamis kwa kazi zilizopotea. Nawaelewa, yangu pia imepotea. Lakini nauliza: nani kati yetu angeandika ukweli ule, huku mamake anaisubiri dawa?

Wagonjwa waliosalia bado wanakuja kutuulizia, na hatuna cha kuwapa. Daktari Lamis, hatukuwaponya. Ila hakuna hata mmoja wao tuliyemdunga sindano ya uongo, na hilo ni kwa sababu yako.

Nenda salama. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.