Waya Mbili za Munyao

Kwenye treni ya Makadara, Munyao alimweleza mama mmoja aliyekuwa fundi wa mitandao ya ofisi, na sisi wengine bila kuulizwa, kwamba ameunganisha ruta yake na swichi inayogawa intaneti kwenye ploti yao ya kupanga mtaani Jericho kwa waya mbili zifanye kazi kama moja. "Ila tangu hapo intaneti inakatika."

"Swichi umeiambia ni moja?" mama akauliza.

"Nimeiambia."

"Na ruta?"

"Ruta haina hiyo setingi."

"Hiyo ni harusi ambayo upande mmoja hauna habari, babangu. Chomoa moja."

Munyao alinyoosha tai. "Mama, nilizipitisha juu ya milango yote, wapangaji wakitazama."

Treni ikasimama. Akashuka, kisha akarudi dirishani. "Nikichomoa moja kule ndani, huku nje si bado zitaonekana mbili?"