Umeona Ng'ombe, au Umeona Simu?

Mgeni rasmi, wazee wetu shikamooni, viongozi wa kata, ndugu wakulima na wafugaji:

Karibu Kisanga. Umetoka Mikumi kwa barabara ile ile tunayoililia kila mwaka, kwa hiyo leo hatuisemi. Mgongo wako umeshasomewa risala yake.

KIKUNDI CHETU

Sisi ni Kikundi cha Fikra Kwanza. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunakutana kwenye ghala la mahindi, wakulima kwa wafugaji, tukifundishwa falsafa ya siku hizi na mwalimu wetu Cleopa. Tunajua neno hilo linachekesha. Mtendaji wetu alipolisikia aliuliza kama ni dini mpya. Si dini. Ni kuuliza: ninachokiona kwenye simu nimekijuaje? Nani kaniletea, na kaniachia nini nje ya picha? Mwalimu husema picha ni dirisha, na kila dirisha lina fundi aliyechagua upande wa kulitoboa.

Mheshimiwa, kabla ya hapo tulishaletewa mnara, semina na fulana. Tumefundishwa kubonyeza hadi vidole vimeota sugu. Kuuliza, hakuna aliyeona kama nako ni hitaji letu.

MAFANIKIO

Ni machache, na lililo kubwa lilikuja kwa kuchelewa.

Mwenzetu Nalotuesha, mke wa mzee Saitabau, huuza maziwa sokoni. Masika haya ilizuka video ya ng'ombe wakila mahindi, sauti ikisema ng'ombe ni wa Saitabau na shamba ni la hapa. Juu yake simu iliandika: imesambazwa mara nyingi. Hapa kwetu ugomvi wa mpaka huamuliwa kwa kutazama wazee wangapi wamesimama upande wako. Basi kijiji kizima, nasi tukiwemo, tukayasoma maneno yale kama idadi ya mashahidi. Wengi wape. Hakuna aliyeuliza kama hata mmoja wao alikuwapo shambani.

Kesho yake Nalotuesha alifika sokoni na madumu yake. Sesilia, mteja wake wa siku zote, hakunyoosha sufuria.

"Leo sichukui," alisema. "Ng'ombe wenu wamemaliza mahindi ya watu. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona ng'ombe, dada, au umeona simu?"

"Usinichanganye na mafalsafa yenu."

Nalotuesha alirudi na maziwa yote. Moyo ulimuuma, wala si kwa maziwa. Sesilia huyu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua mtoto wa mwisho, na sasa alimwamini mtu asiye na jina kuliko yeye. Alhamisi alikuja darasani kama kawaida, akakaa mahali pake, akasema, "Haya, tuulize."

Tukauliza. Aliyepiga alisimama wapi? Sauti iliingia lini? Kabla haijaanza kulikuwa na nini? Tukatafuta, tukaikuta video ile ile mtandaoni, ya zamani, ya nchi nyingine, tena haina sauti yoyote. Sesilia alipoonyeshwa alilia, na jioni ile alikwenda bomani kwa Saitabau na sufuria yake.

CHANGAMOTO

Wengine hawakwenda. Jumamosi hii mkutano wa kijiji utaamua kama boma la Saitabau lihame. Tumepita nyumba kwa nyumba kueleza, tumechoka, na tumechoshwa zaidi na jibu tunalopewa kila mlango: "Mbona mheshimiwa mwenyewe aliirusha?"

Ni kweli, Mgeni rasmi. Kwenye kundi la kata ilifika kutoka namba yako, pamoja na maneno, "Wananchi, tuwe macho." Pengine kidole kiliteleza. Lakini kidole cha mkubwa kikiteleza, wadogo ndio wanaoanguka.

MAOMBI

Tulishauriwa tuombe feni kwa ajili ya chumba cha kompyuta unachokifungua leo. Feni hatuombi. Chumba chenyewe ndilo ghala letu, na tumeambiwa darasa lihame kupisha mashine. Tunaomba mashine na maswali vikae chumba kimoja, maana mashine bila maswali tayari tumeona zinachofanya.

Ombi la mwisho halihitaji bajeti. Hatuulizi nani alikutumia. Tunaomba utakaposimama kujibu, useme kwa kinywa chako, mbele ya watu hawa, kwamba ulirusha jambo usiloliona. Sisi tumelisema hadi sauti zimekauka. Likitoka kwako litafika kabla ya Jumamosi.

Nalotuesha amekaa mstari wa mbele, mwenye shuka jekundu. Maziwa ya chai iliyoandaliwa mezani pako ni yake. Ameyaleta mwenyewe alfajiri. Wengi waliokaa nyuma hapa hawajayaonja tangu masika, na hivi sasa hawatazami karatasi hii. Wanatazama kikombe chako.

Mungu akujalie afya, akurudishe salama kwa wanao, na mvua ijayo itukute bado ni majirani.

Karibu chai.

Imesomwa na Upendo, kwa niaba ya wanachama wote,
Kikundi cha Fikra Kwanza, Kisanga, Kilosa.