Likizo ya Kukamua

Basi la asubuhi kutoka Linden, hapa Amerika, lilikuwa kimya, mpaka mama mmoja mwenye sare ya wahudumu wa nyumba ya wazee alipopaza sauti. "Gisubizo, mtoto wangu, anaenda New Zealand kukamua ng'ombe! Anasema ni vacances, likizo tu!"

Dada aliyekaa naye, mwenye koti la ghala, hakuwa akimjua, lakini Kiswahili cha Kivu kiliwatosha kuwa ndugu. "Vacances ya kazi? Iko namna gani, mama Gisubizo?"

"Ni viza ya vijana. Wanatumika, wanapata mshahara, wanatembea, kisha mwaka mmoja wanarudi. Bon, sisi pia tulikimbia vita tukisema tutarudi kisha wiki moja! Ng'ombe zetu, watu wa bunduki walizibeba. Yeye alizaliwa kambini, hajagusa hata ndama. Leo anaacha kazi ya kompyuta akamulie wazungu!"

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nusura nicheke. Nikageukia dirisha.

"Na baba yake anasema nini?"

Mama akashusha sauti. "Hiyo ndiyo imenishitua. Tangu tufike Amerika, hajataja ng'ombe hata siku moja. Jana nimemukuta jikoni, amejaza maji ndani ya glavu, ametoboa vidole, anamufundisha mtoto kukamua. Anataja ng'ombe zake kwa majina, moja moja. Anacheka, dada, na machozi yanamwangika."

"Eh! Na wewe utakataa?"

Basi likasimama mbele ya nyumba ya wazee. Mama akainuka, akatutazama sote kana kwamba tulikuwa baraza la ukoo.

"Nimukatalie nani sasa: mtoto, ao baba yake?"

Alisubiri jibu mpaka dereva akapiga honi.