Mkanda Umekatika Mara ya Tatu

MIRAH: Haloo? Nani mwenzangu?

KARSIDI: Asalaam alaikum.

MIRAH: Waalaikum salaam. Nauliza nani, maana namba ni ya wifi yangu Murtini, na Murtini hana sauti ya fahali.

KARSIDI: Ni mimi, Mirah. Kaka yako.

MIRAH: Kaka yangu yupi? Ninaye mmoja tu, na huyo tangu Idi hajanipigia. Nilishaanza kumsomea dua.

KARSIDI: Karsidi. Haya, umeridhika?

MIRAH: Ooo! Mas Karsidi, kaka mkubwa! Fundi mkuu wa Jepara nzima! Ngoja niketi, nisije nikaanguka na moto mkononi.

KARSIDI: Una kazi?

MIRAH: Kazi nitoe wapi? Mimi si “fundi wa jikoni”? Nakaanga tempe zangu za soya hapa. Ila tempe za siku hizi zina meno, Mas. Mikanda ya msumeno ya mteja wangu Pak Ngatno peke yake iko ishirini, yote inataka kuungwa.

KARSIDI: Lile neno nililisema kwa utani.

MIRAH: Mbele ya wageni arobaini wa Idi. Ulikuwa utani mzuri sana. Hata mimi nilicheka, nikaenda kumalizia chooni.

KARSIDI: Mtandao... mtandao unakwaruza—

MIRAH: Mtandao uko safi. Sema.

KARSIDI: Basi, Murtini kaenda sokoni kaisahau simu yake, nikaona nibonyeze tu nikusalimie—

MIRAH: Nimesalimika. Umekatika mara ngapi?

KARSIDI: Nini?

MIRAH: Mkanda wa msumeno wako. Si wa suruali.

KARSIDI: Mara moja.

MIRAH: Lini?

KARSIDI: Leo.

MIRAH: Na jana?

KARSIDI: Jana nao mara moja.

MIRAH: Na juzi—

KARSIDI: Juzi ilikuwa Ijumaa, sikufanya kazi sana.

MIRAH: Kwa hiyo?

KARSIDI: Mara moja.

MIRAH: Mashallah. Na uliungwa na nani? Maana kwangu haukuja.

KARSIDI: Niliunga mwenyewe. Tatizo ni chuma. Nilinunua mkanda mrefu, wa kile kiwanda cha mbao kilichofungwa. Una karibu mita nne, na mashine yangu inakula mita tatu na nusu. Nikasema niufupishe. Chuma chenyewe kibovu, Mirah, siku hizi hakuna chuma.

MIRAH: Chuma kibovu. Sawa. Na ile dawa ya kuungia?

KARSIDI: Nayo mbovu.

MIRAH: Na waya wa fedha wa kuyeyushia kiungo?

KARSIDI: Wanachanganya na bati, wezi wakubwa.

MIRAH: Kumbe. Dunia nzima imeharibika, amebaki mzima Karsidi peke yake.

KARSIDI: Unanisaidia au unanisimanga?

MIRAH: Mikono miwili ninayo, naweza yote. Haya, fundi mkuu, msikilize fundi wa jikoni. Ulipoufupisha, ulikata wapi?

KARSIDI: Pa kukata.

MIRAH: Ulihesabu meno? Maana ukikata ovyo, penye kiungo kunatokea pengo au meno mawili yamebanana kama abiria. Hapo kila mzunguko unagonga mbao, ta, ta, ta, mpaka unaachia.

KARSIDI: Mimi ndiye niliyekufundisha hayo!

MIRAH: Baba ndiye aliyetufundisha, sote wawili, siku moja, benchi moja. Kisha wewe ukarithi mashine, mimi nikarithi sufuria. Ulihesabu?

KARSIDI: Nilihesabu. Kwa kidole.

MIRAH: Kwa kidole? Macho yalikwenda wapi, sokoni na Murtini?

KARSIDI: [anakohoa] Kidole ni hakika zaidi.

MIRAH: Haya. Ncha mbili ulizisugua mlazo, zilaliane?

KARSIDI: Kwa tupa. Upana wa kucha. Hapo hunikamati.

MIRAH: Na meno yanaangalia wapi? Pande zote mbili yanaelekea njia moja?

KARSIDI: Yanaangalia... yanakoangalia siku zote.

MIRAH: Jibu la mwanasiasa hilo. Nitumie picha.

KARSIDI: Picha ya nini?

MIRAH: Ya kiungo kilichoachia. Simu ya Murtini ina kamera, najua, kila asubuhi ananitumia maua. Weka kiungo juu ya benchi, piga, tuma. Nangoja.

KARSIDI: Ngoja. Hapa... [kelele za vitu kuanguka] Hiki kitufe cha kijani ndicho—? Haya. Imekwenda?

MIRAH: Imefika. Ngoja niikuze. Mas.

KARSIDI: Umeona kilivyovunjika?

MIRAH: Mas, huyu ni kuku.

KARSIDI: Ee. Alipita.

MIRAH: Alipita akasimama, akageuza shingo, akapigwa picha ya pasipoti.

KARSIDI: Wa jirani huyo. Hana adabu.

MIRAH: Piga nyingine.

KARSIDI: Ya nini tena? Salio la Murtini litaisha. Niulize, nitakueleza kwa mdomo.

MIRAH: Sawa. Kwa mdomo. Kiungo kimeachia penye fedha, au chuma chenyewe kimekatika pembeni?

KARSIDI: Pembeni. Nusu kidole kutoka kwenye kiungo. Nimepapasa.

MIRAH: Mara zote tatu?

KARSIDI: Zote. Ncha yake kali kama kioo.

MIRAH: Basi fedha haina kosa, na dawa haina kosa. Umeupika kupita kiasi. Chuma kimekuwa biskuti. Ulipoupasha moto ulifika rangi gani?

KARSIDI: Rangi ya kawaida.

MIRAH: Ipi?

KARSIDI: Nyekundu.

MIRAH: Nyekundu ipi, Mas? Nyekundu ya kaa linalotaka kulala, au ya pilipili, au ile inayokwenda njano?

KARSIDI: Nyekundu ni nyekundu.

MIRAH: Wewe ndiye uliyenipiga konzi kwa neno hilo hilo nilipokuwa na miaka kumi na mbili.

KARSIDI: Mirah—

MIRAH: Ulisema, “Anayesema nyekundu ni nyekundu akauze nyanya.”

KARSIDI: Nilikuwa mdogo. Nilikuwa najiona.

MIRAH: Na leo ulipoona imeiva, ulijuaje?

KARSIDI: [anagongagonga tupa benchini]

MIRAH: Mas?

KARSIDI: Joto lilinifika usoni. Nikajua tayari.

MIRAH: Usoni.

KARSIDI: Mtandao... haloo? Unakata kata—

MIRAH: Haukati. Nipo. Nilikuwa napunguza moto huku. Huo wa leo, ulipokatika mashine inazunguka, ulikwenda wapi?

KARSIDI: Mbali.

MIRAH: Mbali wapi?

KARSIDI: Ukutani. Ulipita... ulipita juu ya bega kidogo. Kola ya shati imechanika, si kitu, shati lenyewe kuukuu.

MIRAH: Kola. Shingo ilikuwa imekwenda matembezi?

KARSIDI: Nimekwambia si kitu! Nina miguu ya viti thelathini imechorwa hapa, yote inangoja kukatwa. Niambie tu la kufanya, niunge mara ya nne—

MIRAH: Usiunge.

KARSIDI: Unaniamuru?

MIRAH: Nakuomba. Ni hivi, gesi yangu imekwisha.

KARSIDI: Si umesema sasa hivi unapunguza moto?

MIRAH: Nilipunguza, ikaisha. Gesi za siku hizi mbovu kama chuma chako. Sasa nina mikanda ishirini ya Pak Ngatno, na sina pa kuifanyia. Nikaribishe kwako. Nitaipakia kwenye pikipiki nije niiungie hapo.

KARSIDI: Kwangu? Kwenye karakana ya baba?

MIRAH: Ukinikaribisha. Kama wageni arobaini hawapo.

KARSIDI: Unanionea huruma.

MIRAH: Mimi? Nikuonee huruma wewe? Nakuja kutumia gesi yako bure! Halafu nina shida nyingine. Viungo vyangu nikimaliza kusugua hubaki na kivimbe, Pak Ngatno analalamika. Macho yangu hayakioni. Kidole chako kile cha gumba, kinachosikia hata unywele uliolala kwenye karatasi, bado unacho au nacho kimekwenda na mkanda?

KARSIDI: Ninacho. Vyote kumi.

MIRAH: Basi mimi nitachoma, wewe utapapasa. Ukisema kuna kivimbe, nasugua tena. Ukisema laini, ni laini.

KARSIDI: Na ukinibishia?

MIRAH: Nitakubishia. Kwani tumekuwa malaika?

KARSIDI: [anacheka] Mirah.

MIRAH: Naam, Mas.

KARSIDI: Ni tangu mwezi wa Ramadhani.

MIRAH: Nini?

KARSIDI: Hilo usiloniuliza. Wiki iliyopita nilikwenda Semarang, kwa daktari. Murtini anadhani nilifuata mteja. Daktari kanimulika, kanigeuza, kisha ananiambia nina mtoto.

MIRAH: Una nini? Mtoto? Na miaka sitini na tatu hiyo? Mas, mama yake nani? Murtini akisikia—

KARSIDI: Wa jicho, mpumbavu wewe! Mtoto wa jicho. Wako wawili. Yaani ni... mapacha.

MIRAH: Kulia na kushoto?

KARSIDI: Wa kulia ndiye mkubwa. Wa kushoto anamfuata nduguye.

MIRAH: Hongera, Mas.

KARSIDI: Asante.

MIRAH: Wanatolewa hao. Mama yake Pak Ngatno alitolewa wake, sasa anaona mpaka mambo yasiyomhusu.

KARSIDI: Ni kisu, Mirah. Kwenye jicho. Mtu yuko macho anatazama.

MIRAH: Kisu kidogo cha daktari unakiogopa. Mkanda wa mita tatu na nusu unaopita shingoni usiouona, huo huuogopi.

KARSIDI: Ule naujua.

MIRAH: Haya. Tutakwenda wote. Nitakushika mkono, na ukilia nitawaambia watu wote. Gesi umefunga?

KARSIDI: Nafunga.

MIRAH: Nataka kusikia.

KARSIDI: [chuma kinalia] Umesikia? Nimefunga. Sasa hayo ya mapacha yabaki kati yetu, Murtini asijue mpaka nimpange maneno vizu— Subiri.

MIRAH: Nini?

KARSIDI: [kwa sauti ya chini] Kuna kitu mlangoni.

MIRAH: Kitu gani?

KARSIDI: Kina umbo la Murtini.

MIRAH: Ni yeye au ni kabati?

KARSIDI: Kabati halipumui namna hii.

MIRAH: Ya Rabi. Amesikia tangu wapi?

KARSIDI: Mke wangu, umerudi? [sauti kwa mbali] Anauliza mapacha wana umri gani.

MIRAH: Hakusikia “jicho”?

KARSIDI: Anasema... anasema atanionyesha jicho. Mirah, ameshika kitu. Kirefu, kinang'aa. Ni nini?

MIRAH: Nitajuaje, mimi niko huku! Mpe simu nimweleze!

KARSIDI: Kinanuka samaki. Mke wangu, si mtoto wa mtu, ni wa— [kishindo] Wa jicho! Wa jicho!

MIRAH: Murtini! Wifi! Usimpige wa kulia, ndiye aliyeiva!

KARSIDI: Njoo upesi, na salio linak—

MIRAH: Nakuja! Mas? Haloo? [mlio wa simu iliyokatika] Haloo?