Hoteli Hukaguliwa Kuanzia Uani

Amemaliza! Mwanangu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mbili katika ofisi hii ya safari, na anaondoka na jina safi. Haya, sasa ndiyo niwasalimu: hamjambo nyote, kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi wa getini?

Yeye mwenyewe alikataa kuandikiwa sifa. Wenzake wakaona isiwe taabu, wakamfuata mama aliyemzaa. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kumsifu mwanangu hakuhitaji cheti.

Alianza kwa kupokea simu. Baada ya miaka mitatu wakampa kazi ya kuwachagulia wasafiri hoteli zisizoharibu maji, miti wala hewa ya majirani. Wengine walimcheka, eti mgeni anataka kitanda laini, habari za mtaro zinamhusu nini? Siku hizi wageni wenyewe ndio wanaotangulia kuuliza habari za mtaro. Nani anacheka sasa?

Utaratibu wake mnaujua. Akifika hotelini haketi mapokezi, wala hagusi juisi ya kukaribishwa. Anakwenda moja kwa moja uani, aone maji ya kufulia yanaishia wapi na taka zinatengwa au zinachomwa tu. Ndiyo maana mkambandika jina la Mama Uani. Elimu hiyo hakuitoa chuoni. Nilikuwa dobi wa hoteli miaka ishirini, na yeye akitoka shule alifanyia kazi zake za darasani juu ya rundo la mashuka. Nilimwambia tangu hapo: mbele ya hoteli hupakwa rangi, uani hakusemi uongo.

Kuna hoteli moja ilijisifu kwa bustani yake. Akainama kunusa maua, kumbe ya plastiki, tena yana vumbi. Meneja akajitetea kwamba hayahitaji maji. Mwanangu akamjibu kwamba hata picha ya maua haihitaji maji.

Lakini simvishi kilemba cha ukoka. Alikosea mara moja, na kosa nililigundua mimi.

Mwaka jana nilipotimiza miaka themanini alinipeleka kupumzika katika hoteli ya mlimani aliyoipitisha mwenyewe. Bafuni palikuwa na kikaratasi: ukitundika taulo lako, halitafuliwa, tuokoe maji. Nikalitundika. Kurudi kutoka kunywa chai, limechukuliwa, limewekwa jingine. Nikasema moyoni, hapa pana jambo. Mimi huyo na mkongojo wangu mpaka uani, kuwasalimu madobi wenzangu. Nikaona bomba linamwaga povu jeupe kijitoni, na bondeni akina mama wanateka maji.

Nikamwita. Akaja, akaona, akaniambia ukweli. Kumbe siku ya ukaguzi mvua ilikuwa kubwa, akaonyeshwa picha za uani akiwa ameketi mapokezi. Siku hiyo moja tu, katika miaka yote hiyo!

Angeweza kunyamaza, maana ilibaki miezi kumi astaafu. Jumatatu asubuhi akaandika barua, akakiri kosa kwa jina lake, akaiondoa hoteli ile kwenye orodha, na wageni themanini waliokwisha kupangiwa akawatafutia kwingine. Mwenye hoteli akatamba: "Huyo mama si anastaafu? Tumsubiri aondoke." Maneno hayo yalimwondolea mwanangu hamu ya kula. Alihofia kuondoka na kuacha kijito kikitoa povu alilolipitisha kwa mkono wake. Nami nilikonda naye, ingawa kwa mwili huu hamkugundua.

Kila mwezi alirudi kule, na kila mwezi akaondoka bila kutia saini ya kuirudisha hoteli orodhani. Vyumba vikazidi kukaa vitupu, mwenye hoteli akaacha kutamba.

Wiki iliyopita tulikwenda wote. Bomba la kijitoni limeng'olewa. Maji ya kufulia yanapita mashimo matatu yenye kokoto na matete, ndipo yanamwagilia bustani. Dobi mmoja akaniambia, "Bibi, mataulo ya kufua yamepungua, hata mgongo wangu unashukuru." Nikatundika langu makusudi, nikatoka. Niliporudi lilikuwa palepale, na unyevu wake. Sijapata kufurahia taulo bichi namna ile.

Mwanangu akashuka kijitoni, akachota kwa kiganja, akanusa, akanawa uso. Akatia saini, ya mwisho katika kazi yake, akavua viatu, akakaa juu ya jiwe. Njia nzima ya kurudi alilala begani kwangu akikoroma, mtu mzima wa miaka sitini. Ndipo nami nikashusha pumzi.

Ahsanteni wenzake kwa kumvumilia na ukaidi wake, aliurithi kwangu. Nawe mwanangu, pumzika sasa, siku zako zote ziwe za heri. Na wewe unayepokea kalamu yake, sikia la mkongwe: mvua ikinyesha, chukua mwavuli, nenda uani.

Tunamuaga siku hiyo hiyo ya tarehe thelathini, Jumamosi, saa nane mchana, hapa hapa ofisini. Uani, wapi tena? Kila mtu aje na kikombe chake.