Joash Onsongo Angwenyi na Mpaka wa Mbolea, 1931–1978

Joash Onsongo Angwenyi, ambaye tumekuja kumsindikiza leo, Alhamisi tarehe 16 Novemba 1978, alizaliwa tarehe 4 Machi 1931 katika kijiji hiki kilicho bondeni chini ya soko la Keumbu. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Angwenyi Mogire na Mama Nyamoita. Mama Nyamoita yuko hai, ameketi kiti cha mbele, na ndiye aliyeagiza wasifu huu usomwe polepole, tena usirukwe mahali popote.

Alianza masomo mwaka 1940 katika shule ya misheni ya Waadventista, akabatizwa mwaka 1948. Mwishoni mwa mwaka 1943 alitahiriwa, na kidonda chake kilipona katika kibanda kimoja na Ongeri, kijana wa boma la jirani. Wageni waliotoka mbali waelewe kwamba kwetu waliopona katika kibanda kimoja ni ndugu, na mmoja hamtaji mwenzake kwa ubaya mbele ya watu. Joash aliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Ilimgharimu sana.

Baada ya mafunzo ya kilimo aliajiriwa kuwa mwelekezi wa wakulima, kwanza Nyamarambe mwaka 1953, kisha Nyansiongo mwaka 1963, wakati familia zetu zilipogawiwa mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Huko Nyansiongo aliona ng'ombe wa maziwa wakianguka kando ya birika la kunyweshea ambamo magunia ya mbolea ya dukani yalikuwa yamesuuzwa. Hakuisahau siku hiyo. Mwaka 1968 aliporudi nyumbani kulima chai yake na kuwaelekeza majirani, alikuta kila boma lina gunia la mbolea na kila boma linachota maji katika chemchemi moja, ile ya Riamogire.

Watu walingoja mawingu yatande ndipo wamwage mbolea, ili mvua iiyeyushe haraka. Mvua iliiyeyusha kweli, ikaiteremsha mpaka chemchemini. Akina mama nao walifua pale pale zile karatasi za nailoni za ndani ya magunia, wapate kuzivaa kiunoni wanapochuma chai yenye umande. Asubuhi moja Joash alimkuta jirani yake Nyanchera akisugua karatasi yake majini, akamwomba aifulie juu kwenye nyasi.

"Bwana Kilimo," Nyanchera akamjibu, "sisi sote tumebatizwa mtoni. Karatasi yangu imetenda dhambi gani ikatazwe?"

"Haijatubu bado," Joash akasema, akachukua mtungi wake, akamchotea maji na kumpandishia hadi kwenye nyasi, naye amevaa suti ya Sabato.

Jumapili tarehe 15 Desemba 1957 alifunga ndoa na Mwalimu Abigael, na Ongeri ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Nyumba yao ilikuwa na vitabu, sala na vicheko. Watoto wao hawakuwahi kumsikia baba yao akisengenya mtu. Hata kuhusu wakulima wavivu alisema tu kwamba mashamba yao yamechoka kuwangoja.

Mwaka 1972, katika baraza lililoitishwa na naibu wa chifu, Joash alipendekeza sheria ya chemchemi. Mbolea ya dukani isivuke njia ya ng'ombe, ile ipitayo juu ya chemchemi, kuteremka chini. Bustani za mboga zilizo chini ya njia zitumie samadi iliyooza vizuri, tena kidogo. Mtu asimwage mbolea mawingu yakitanda, wala asifue gunia majini. Maboma yote yalikubali. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Ongeri, akachaguliwa kuwa makamu wa Joash, mwenyekiti wa kamati mpya ya maji.

Sheria hiyo ilishikwa, na maji yakatakata hata mtu aliona changarawe chini. Kisha mwanzoni mwa mwaka 1975 Ongeri alilima kipande chake kilicho chini ya njia, karibu kabisa na chemchemi, akapanda kabichi za kupeleka soko la Keumbu. Joash alipita hapo, akaona chembe nyeupe za mbolea ya dukani kwenye mashina. Hakupiga kelele. Alimwendea mwenzake nyumbani, wawili peke yao.

"Ni kabichi tu, ndugu yangu," Ongeri akamwambia. "Niachie msimu huu mmoja. Au utanipeleka barazani, mimi na wewe?"

Joash alimsihi aizoe mbolea ile pamoja na udongo wake kabla ya mvua, naye Ongeri akaahidi. Kumpeleka barazani hakuweza.

Aprili mvua ilishuka kwa nguvu. Maji yakafanya utando wa kijani, na ng'ombe wa pekee wa Nyanchera, ambaye wakati huo alikuwa ameshafiwa na mume, akafa baada ya kunywa mtaroni chini ya kabichi zile. Baraza likaitishwa.

"Ni nani ameniulia ng'ombe wangu?" Nyanchera akauliza. "Semeni tu, sina nguvu ya kupigana."

Ongeri akasimama. "Tusizunguke. Ghala la mbolea ya wakulima liko kwa nani? Liko kwa Bwana Kilimo, juu ya chemchemi. Sisi tunakatazwa, kumbe anayekataza ndiye anayemwaga."

"Alitaka abaki nayo peke yake!" mtu akadakia, na watu wakacheka.

Joash alimtazama Ongeri. Ongeri alikuwa akijipangusa vumbi kwenye koti. Naibu wa chifu alipomuuliza kama ana la kujibu, Joash alisema, "Anayejua yuko hapa. Namwachia aseme mwenyewe."

Ongeri aliketi. Siku hiyo Joash aliondolewa katika kamati, na uenyekiti ukapewa Ongeri.

Mkewe alimsihi amtaje. "Tulipona pamoja, Abigael," alijibu. "Atasema."

Mbolea yote iliondolewa ghalani kwake mwezi ule ule, lakini mvua iliyofuata ilileta utando ule ule wa kijani, na wote mliuona. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi. Binti yake Gesare aliambiwa chemchemini, "Wewe chota mwisho, baba yako ametutilia sumu." Tangu hapo familia hii huchota maji ng'ambo ya kilima.

Mwaka 1977 Joash alianza kuugua shinikizo la damu, kisha figo. Alilazwa hospitalini mara kadhaa, akarudishwa nyumbani mwezi Oktoba mwaka huu. Kila jioni aliuliza, "Ongeri amepita?" Aliaga dunia Ijumaa tarehe 10 Novemba, kabla jua halijatua. Ongeri hakuwa amepita.

Alipita Jumatatu, pamoja na kamati ya maji. "Shemeji," alimwambia mjane, "tunaomba nafasi ya kumsifu mwenzetu. Yale mambo ya maji tuyafunike, ni ya zamani."

Mama Nyamoita ndiye aliyejibu. "Funika wewe. Mimi sina blanketi kubwa hivyo."

Nafasi aliyoiomba amepewa. Iko kwenye ratiba, mara tu baada ya usomaji huu, na haikuwekewa kikomo cha dakika. Marehemu hakumtaja mwenzake mbele ya watu hadi mwisho. Waliobaki hawakupona katika kibanda kile, kwa hiyo wamemtaja. Wanamwomba aseme kabichi zake zilikuwa wapi mwaka 1975, na aseme mbele ya Nyanchera.

Joash Onsongo ameacha mama yake, Nyamoita. Mjane wake, Mwalimu Abigael. Watoto wake, Bonareri, Mogire na Gesare. Na kaka yake Obwocha pamoja na familia yake. Amewaachia jina lisilo na doa.

Mungu ampumzishe Joash kwa amani. Ndugu Ongeri, karibu mbele.